Swali la Mwisho Lilikuwa la Hajiri

Nunguni, 4 Julai 2022

Kwa ushirika wa akina mama, na kwa mwenyekiti wao, mwaitu Kaveke, mama yetu sote, huko Mutha,

Kwa majonzi makubwa, na kwa niaba ya jamaa wote, natangaza kifo cha kiti. Marehemu alikuwa kiti cha plastiki, rangi ya maziwa, aliyelitumikia kanisa letu tangu enzi za wachungaji wasiokuwa na simu. Aliugua mguu mmoja kwa muda mfupi na hakumwambia mtu. Jumapili, nilipomaliza kufundisha juu ya yule aliyejenga nyumba yake kwenye mwamba, niliketi kwa utukufu, naye akaaga dunia papo hapo, mimi nikiwa juu yake. Kwaya ilijaribu kuendelea kuimba. Sauti ya tatu ilishindwa. Mke wangu Kanini alitoka nyuma mbio, akainama, akakikagua kiti kwanza.

Natangulia kuyatangaza haya kwa sababu najua yatafika Mutha yakiwa yameongezwa chumvi, na nilitaka chumvi iwe yangu.

Sasa maswali yenu. Mmeuliza kama Mkristo anaweza kula nyama iliyochinjwa na Abdijabar. Huyo Abdijabar ndiye anayeibeba barua hii ndani ya lori lake la mbuzi, na sitaki kumkosea. Paulo anawaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Kuleni. Asiyetaka kula aniletee mimi. Mwili huu, kama marehemu alivyoshuhudia, haujajengwa kwa sala peke yake.

Mama mwingine ameuliza kama ni dhambi kufua siku ya Bwana, kwa sababu lori la maji huja Jumapili tu. Yesu aliwauliza Mafarisayo ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa. Basi mfueni huyo ng'ombe. Mungu hakuwapa maji siku hiyo ili awategee mtego.

Nimemkabidhi Abdijabar avokado kidogo. Huku kwetu ni ukungu na baridi, kabichi zinaoza shambani kwa unyevu. Naona haya kuwaandikia ninyi jambo hilo, lakini nimeshaliandika.

Ndugu yenu katika Bwana na katika uzito,
Mulinge


Mutha, 18 Julai 2022

Mwanangu Mulinge,

Barua ilifika. Avokado zilifika pia, mbili zikiwa zimekaliwa na mbuzi.

Tulicheka. Kalondu alicheka mpaka akatoka nje. Hapa nyumbani Mutisya sasa ana mchezo mpya: anakaa juu ya debe, anasema "Mimi ni mzee wa kanisa," halafu anaanguka. Mama yake, Nzisa, anamkemea lakini naye ameficha uso kwa leso. Hao wawili ndio watu wangu. Sijui kama niliwahi kukutajia. Ulipokuja kwa ile semina, mwaka tuliobaki bila mchungaji, Nzisa ndiye aliyekuletea maji ya kunawa, ukamwambia atapata thawabu.

Mvua imetupita tena. Nzisa huondoka na punda asubuhi sana, hurudi jua likiwa juu ya kichwa. Mtoni wanachimba mchanga kutafuta maji mpaka aliye ndani huoni utosi wake. Mimi magoti yamekataa kushuka huko. Bila huyo msichana ningekuwa nimekauka kama ngozi.

Jambo jipya ni kwamba tumepata mchungaji. Anaitwa Ndolo, bado kijana, ana bidii. Zamani barua zako zilikuja kwangu, nikizisoma kwanza jikoni ndipo niwasomee watu Jumapili baada ya matangazo. Sasa amesema kila barua ya mafundisho iende kwake, aifungue yeye na aisome yeye. Ni haki yake. Amesema pia kwamba Agosti tutakuwa na Meza ya Bwana, na kila nyumba yenye mambo ya mila ijisafishe kwanza, la sivyo isisogee mezani, wala isitegemee kanisa siku ya kuzikwa. Aliposema hivyo watu hawakuniangalia. Watu wakiacha kukuangalia wote kwa pamoja, unajua.

Maswali ni mawili.

La kwanza limetoka kwa Kalondu. Mbuzi aliyekonda hata hawezi kusimama, anaweza kutolewa fungu la kumi?

La pili. Sara alipomfukuza Hajiri na mtoto wake, alifanya haki? Hili la mwisho usiliharakishe. Ulale nalo kwanza.

Ni mimi,
Kaveke


Nunguni, 27 Julai 2022

Kwa ushirika wa Mutha, kwa mkono wa Mchungaji Ndolo, ambaye namkaribisha kwa heshima zote na kumsihi asikae kwenye viti vya plastiki,

Mwambieni dada Kalondu kwamba nabii Malaki alishalijibu lake, na hakulijibu kwa upole. Watu walimpelekea Mungu wanyama vipofu na vilema, akawaambia wajaribu kumpelekea liwali zawadi hiyo waone kama atafurahi. Lakini kama mbuzi wote wamekonda, basi aliyekonda si mbaya zaidi, ndiye mbuzi mwenyewe. Atolewe. Ila abebwe, asiburutwe.

Sasa la Hajiri. Niliagizwa nisiliharakishe, nilale nalo. Nimelala nalo mchana, baada ya sahani ya muthokoi, na nimeamka na jibu. Ndilo rahisi kuliko yote mliyowahi kuniletea. Fungueni Mwanzo, sura ya ishirini na moja. Sara alisema mjakazi aondoke na mwanawe. Ibrahimu alisononeka, kama mume yeyote anayepewa amri kabla ya chai. Ndipo Mungu akamwambia amsikilize mkewe kwa lolote atakalosema. Kesi ikaisha. Tangu siku ile hakuna mume aliyeshinda rufaa, na Kanini amepigia mstari huo wino mwekundu katika Biblia yangu.

Kwa hiyo, ndiyo, Sara alifanya haki. Nyumba moja haibebi ahadi mbili. Hajiri aliletwa kwa haraka ya binadamu waliochoka kumngoja Mungu, na kilicholetwa kwa haraka hutolewa hata kama kinauma. Paulo anawaambia Wagalatia neno lilo hilo. Hivyo mwenye Hajiri nyumbani kwake asicheleweshe. Ampe mkate, ampe maji, amwonyeshe njia. Ijapokuwa siku hizi sijui ni nani aliye na Hajiri, isipokuwa mnamsema yule msichana wa kazi anayewaunguzia chapati. Huyo msimfukuze, mleteni Nunguni, mimi hula hata zilizoungua.

Fundi amejaribu kumfufua marehemu kwa waya. Hatujui.

Wenu,
Mulinge


Mutha, 9 Agosti 2022

Mwalimu,

Jibu lilisomwa. Limefanyika kama lilivyosomwa.

Uji nampikia mtu mmoja sasa, na sufuria ni kubwa.

Kaveke


Nunguni, 25 Agosti 2022

Mwaitu Kaveke,

Barua yako ya mwisho niliigeuza nyuma nikitafuta maneno mengine. Nilifikiri Abdijabar alikalia nusu yake. Hata jina umenibadilishia, nimekuwa Mwalimu, na mimi najua mama akianza kukuita kwa cheo chako kuna kitu umekanyaga. Kanini anasema ni mbuzi wa Kalondu, kwamba nilimdhihaki mama wa watu wakati wa njaa. Kama ni hivyo nisamehe, nami nitamwomba Kalondu radhi mbele ya hao waliocheka.

Na hiyo sufuria kubwa, kwani watu wako wameenda wapi? Huyo mkweo wa kuteka maji ameenda kwao kusalimia? Msafiri hurudi. Mwambie akirudi aniletee yule mzee wa kanisa anayeanguka, nimpime kama anafaa kuchukua kazi yangu.

Nakuandikia leo kwa sababu nyingine, na sina mzaha nayo. Jana nilishuka mjini Salama kuchukua dawa za mifugo za duka langu nikamkuta Abdijabar kando ya barabara. Lori lilikuwa limesimama na yeye alikuwa ndani, mikono kwenye usukani, hatelemki. Nilimtania kama ilivyo desturi yetu, hakucheka. Akaniambia kwamba wiki iliyopita, upande wa Voo, alikuwa akivuka mto mkavu na mbuzi, akasikia mtoto analia. Alimkuta mvulana mdogo amelazwa chini ya kichaka, amefunikwa kwa leso, na pembeni mtungi wa manjano ulio mtupu. Mtoto alikuwa anaangalia upande mmoja tu. Abdijabar na wachungaji wa mbuzi wakafuata macho yake mpaka katikati ya mto, wakakuta mchanga umebomoka. Kulikuwa na kisima pale. Walichimba kwa mikono na sahani, wakamtoa mwanamke, amekufa. Alikuwa amemweka mtoto mbali ili asitumbukie.

Hakuna mtu wa pale aliyemjua. Naibu wa chifu aliandika "mwanamke asiyejulikana," mwili ukapelekwa mochari. Mtoto yuko kwa Raho, mke wa Abdijabar, anayeuza duka hapo Voo. Anakula, halii tena, lakini hasemi jina lake wala la mama yake. Neno moja tu analo. Mtu yeyote akiingia mlangoni anamuuliza kama maji yamepatikana.

Nilimwambia Abdijabar tumwombee. Akaniambia niombe, lakini kwanza niulize watu. Kwa hiyo nauliza. Ninyi wa Mutha hamko mbali sana. Mchungaji Ndolo atangaze Jumapili: je, kuna nyumba inayomkosa mwanamke na mtoto wa kiume?

Mwanao, ikiwa bado ninaruhusiwa,
Mulinge


Mutha, 2 Septemba 2022

Mulinge,

Tangazo lako halikusomwa. Abdijabar, ambaye barua huziacha sokoni, safari hii aliniletea mimi mkononi. Alisimama uani mpaka nikamaliza kusoma, akaniuliza kama nataka apige simu Voo, nikamwambia mimi nakwenda mwenyewe.

Nyumba ni yangu.

Mimi sikuzaa. Mume wangu alikufa akaniacha na boma lisilo na mtoto, na wewe ni Mkamba, unajua boma la namna hiyo huhesabiwa kuwa limezimika. Kabla sijaokoka nilifanya kama mama zetu walivyofanya. Nilipeleka mbuzi kwa kina Nzisa, nikamwoa awe iweto wangu, mke aliyeolewa na mwanamke, azae kwa jina la nyumba hii. Sikumwiba. Wazee walikaa, pombe ilimwagwa, kila mtu Mutha anajua. Alikaa muda mrefu bila kupata mtoto, na sikumtukana hata siku moja, maana mimi ni nani wa kumtukana? Halafu akampata Mutisya. Alinizalia. Mtoto aliniita susu, yaani nyanya, nami nilimbeba mgongoni nikienda kuongoza maombi ya akina mama, na hakuna aliyesema neno mpaka Ndolo alipokuja.

Ndolo aliniita baada ya ibada. Alisema kwa adabu. Alisema mwanamke kuoa mwanamke hakuna katika Maandiko, ya kwamba mimi ni kiongozi, na watu wanatazama. Nikamwambia aningoje, nitauliza mtu aliyetufundisha tulipokuwa yatima.

Sasa nikuambie jinsi nilivyouliza. Ningeweza kukuandikia wazi. Ningeweza kukwambia usimpelekee Ndolo jibu. Sikufanya hivyo, kwa kusudi. Wewe ni mtu wa mzaha na huruma, ulikula kwangu, nilijua utasema Sara alikosea. Nilijua utawahurumia. Nilitaka jibu hilo litoke Nunguni likiwa limefungwa, lifunguliwe na Ndolo mwenyewe, na kinywa chake Ndolo kilisome mbele ya wale wasioniangalia. Niliutega mtego vizuri, nikaingia mwenyewe.

Nzisa alikuwa kwenye benchi la nyuma, mtoto mapajani. Alikuwa amekuja mapema. Alitaka kusikia kama kiti kimefufuka.

Ndolo alisoma polepole, ana sauti nzuri. Aliposoma mahali pa chapati watu walicheka. Mutisya alicheka kwa sababu watu wamecheka. Nilitaka kusimama niseme silikubali jibu hili, lakini ni mimi niliyewafundisha hao akina mama miaka yote kwamba barua ya Mulinge ikisomwa imesomwa.

Tulirudi nyumbani. Jioni nilianza kuzunguka na maneno, Nzisa akanikata. Alisema, "Mama, limesomwa."

Nilimpa mkate. Nilimpa maji. Niliufuata mstari wako kama ulivyouandika. Nilimpa na punda, akakataa. Akaniuliza, "Nikimchukua punda, wewe utatekewa na nani?"

Kwao ni upande wa Voo. Watu wake walikuwa wamekwisha kuhama na ng'ombe kufuata majani, lakini hilo hatukulijua, wala yeye wala mimi. Nafikiri alifika akakuta nyumba zimefungwa kwa miiba, akageuka. Nafikiri alikuwa anarudi kwangu. Kichaka anachosema Abdijabar kiko upande wa huku wa mto.

Nakwenda kumchukua mtoto, na nakwenda mochari. Uje. Na ukisharudi kwako uandike barua nyingine, uyaandike mambo jinsi yalivyokuwa, ya kwako na ya kwangu, usifiche langu. Ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu. Na hii isomwe mbele ya watu.

Kaveke


Nunguni, 30 Septemba 2022

Kwa kanisa lote la Mutha. Isomwe baada ya matangazo, na mwaitu Kaveke, ikiwa macho yatamruhusu. Asipoweza, na Mchungaji Ndolo, aliyekubali.

Ndugu zangu,

Mmezoea barua zangu zianze na upuuzi. Leo sina. Nimeagizwa na mama yenu niwaeleze mambo jinsi yalivyokuwa, na nitaeleza niliyoyaona na yale aliyoniruhusu.

Mwezi wa saba niliulizwa kama Sara alifanya haki kumfukuza Hajiri. Nililijibu siku hiyo hiyo. Sikuuliza ni nani anayeuliza wala kwa nini. Sikujiuliza kwa nini mwanamke anayenitania kila barua ameniambia safari hii nilale na neno. Katika barua hiyo hiyo alikuwa ameniandikia habari za mila, za Meza ya Bwana, za watu wasiomwangalia, na za msichana na mtoto walio nyumbani kwake. Yote yalikuwa kwenye karatasi moja. Niliyaruka nikikimbilia mahali pa kuchekesha. Nilikuwa nimevunja kiti, watu walikuwa wamecheka, nikatamani wacheke tena.

Mlicheka. Siwalaumu, niliandika ili mcheke. Wala msimlaumu Mchungaji Ndolo kwa kusoma. Alisoma nilichoandika, na mimi ndiye mwenye mvi.

Nilikwenda Voo na lori la Abdijabar. Mama Kaveke alikuwa ametangulia. Nilimkuta dukani kwa Raho, ameketi kwenye gunia la mchele, Mutisya amelala kifuani pake, na Raho anampepea mtoto kwa kipande cha boksi. Raho hakutaka kutuachia mtoto mpaka ale. Hata mimi hakuniachia mpaka nile, na nilikula, jambo ambalo kwa mara ya kwanza maishani sikulitaka. Nikamwambia Abdijabar kwamba mimi ndiye niliyeandika jibu, na kwamba alilibeba yeye mwenyewe bila kujua. Alisema kwamba barua zangu atazibeba, lakini kuanzia sasa atakuwa ananiuliza zimeandikwa nini. Nikasema ni sawa.

Mochari, karani aliuliza maswali yake ya kila siku. Jina la marehemu. Nzisa. Kabila, dini, mahali. Akamuuliza mama yenu anahusianaje naye.

"Ni mke wangu," Kaveke akasema.

Karani alimtazama, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye mwenye akili, akarudia swali kwa sauti ya kuongea na mtu asiyesikia vizuri. Kaveke akarudia jibu, kwa sauti ileile. Mimi, mzee wa kanisa, mfasiri wa Wagalatia, nilisimama pale nikamwambia karani aandike kama alivyoambiwa.

Tulimzika ndani ya boma, mahali pa mke wa nyumba. Wengi wenu mlikuja. Wengine mlibaki nje ya ua, na nadhani niliwaona wote. Mchungaji Ndolo aliingia. Alisimama karibu na kaburi, kofia mkononi, Biblia akiwa ameikumbatia bila kuifungua, akalia kama kijana alivyo. Mliniambia mimi niseme neno. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na pale nikakumbuka sehemu ya hadithi ambayo sikuifikia kwenye barua yangu, kwa sababu niliishia mahali ambapo Sara ameshinda. Baada ya pale, maji yanapokwisha na mtoto yuko chini ya kichaka, Mungu, kwa malaika wake, anamwita Hajiri kwa jina lake na kumuuliza ana nini. Ajuaye yote anauliza kwanza. Nilisema hilo tu, na Kalondu akaanzisha wimbo.

Mmeniandikia tena maswali. Nimeyaona. Mnauliza kama mama Kaveke ametenda dhambi ya kuoa, au ya kufukuza, na kama anaweza kusogea mezani. Sitayajibu kwa barua. Mkitaka nije tukae, nitakuja, nami nitaanza kwa kuuliza. Yeye mwenyewe amesema kwa sasa hasogei, si kwa sababu amekatazwa. Anasema mkate na maji alivyovitoa bado anavisikia mikononi.

Limebaki jambo moja, na ndilo alilonikazia nisiliache.

Tulipomaliza kuzika, watu wakinawa mikono, Mutisya alikuja akasimama mbele yangu. Pengine mtu alimwambia kwamba huyu ndiye yule mzee wa kiti. Hakuangukaanguka. Aliniuliza lile neno lake, kama maji yamepatikana.

Ninyi mnajua miaka niliyokaa nikiwajibu. Nyama, kufua, fungu la kumi, mapepo, Danieli, pembe zote za Ufunuo. Niliinama kwa mtoto yule nikafungua kinywa, na kinywa kilikuwa kitupu.

Susu yake ndiye aliyemjibu. Alimvuta karibu na goti lake bovu, akamwambia, "Ndiyo. Aliyapata."

Nilidhani amesema hivyo kumnyamazisha mtoto. Jioni nilimuuliza Abdijabar, kwa sababu yeye alikuwa ndani ya shimo lile, alichimba kwa mikono yake. Akaniambia kwamba mchanga wa juu uliomfunika Nzisa ulikuwa mkavu kabisa. Lakini chini, mahali ilipokuwa sahani aliyokuwa akichimbia Nzisa, mchanga ulikuwa umelowa, na walipomwinua Nzisa, maji yalikuwa yameanza kujaa pale miguu yake ilipokuwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mulinge